Dunia Ilinishika, Watu Wake Hawakunishika

Nimeipenda riwaya ambayo mhusika wake mkuu hata sura simkumbuki. Nikiulizwa huyo kijana anacheka kwa lipi, au anaogopa nini usiku akiwa peke yake, sina la kujibu, na si kwamba niliisoma mbiombio. Niliisoma taratibu, nikairudia, na mtu akitaka nimtajie riwaya moja ya fantasia iliyonikaa kichwani miaka hii ya karibuni, hiyo ndiyo itakayonitoka mdomoni. Hapa jina lake nitaliacha. Nitawasema wahusika wake bila kuwapunguzia, na sitaki mwandishi aliyenipa raha kiasi kile abebe peke yake lawama ambazo waandishi wengi wa fantasia wangepaswa kugawana.

Nianze na dunia yenyewe, kwa kuwa raha yote imelala humo.

Katika nchi ile kuna watu waitwao wainuaji. Mwinuaji anaweza kunyanyua chochote bila kukigusa, jiwe, lango, merikebu, hata mtu. Lakini kila kinachopanda, kitu cha uzito uleule lazima kishuke mahali pengine, kwa kimo kilekile. Hakuna dua wala tunguri la kuikwepa mizani hiyo. Basi mwandishi akajiuliza: watu wakiishi na kanuni kama hii kizazi baada ya kizazi, mji wao utakuwaje? Akajenga mji juu ya jabali, na pembezoni mwa jabali akatundika mawe kwa maelfu, kila moja na kamba yake. Hayo mawe ndiyo akiba ya mji. Lango likitakiwa kufunguka, jiwe lenye uzito wa lango linateremka ubavuni mwa jabali hadi bondeni. Tajiri ni mwenye mawe mengi juu. Fukara ni yule ambaye nyumba yake iko chini ya mawe ya wenzake. Na jiwe likishashuka halipandi tena lenyewe. Linavutwa kwa mikono ya watu, kutwa kucha, na hao wavutaji ndio haohao wanaolala chini yake.

Mwandishi hakuhubiri popote. Hakumtuma mzee yeyote aje atueleze kwamba mji ule ni wa dhuluma. Alitupeleka tu kwenye ukaguzi wa kamba alfajiri, akatuonesha daftari la uzito, akatuambia ni nani anayeruhusiwa kuangusha jiwe kubwa siku za sherehe na onyo hupigwaje kule chini kabla halijaanguka. Kidogokidogo nikaelewa mwenyewe kwamba maajabu yote ya mji ule, malango yanayopaa na madaraja yanayojikunja, ni jasho la watu lililotundikwa ukutani likisubiri matumizi. Ni nadra kitabu kuniachia nafasi ya kulifikia jambo kubwa namna hiyo kwa miguu yangu.

Mwaka 1939 J. R. R. Tolkien, mwandishi wa *The Lord of the Rings*, alitoa mhadhara kuhusu hadithi za maajabu, na jambo moja alilolisema ndilo ninalopimia vitabu vya aina hii hadi leo. Kutamka kwamba kuna jua la kijani, alisema, mtu yeyote anaweza. Kazi iko katika kuijenga dunia ambamo jua la kijani litaaminika. Humo ndani msomaji husadiki kwa sababu yanayosimuliwa yanafuata sheria za hukohuko, na shaka ikipenya tu, uganga umeharibika. Ninaposoma fantasia huwa naitafuta sheria hiyo kwanza, kisha natazama kama mwandishi anaitii hata pale inapomtia hasara. Huyu wangu aliitii karibu kila mahali. Vita vinapigwa kwa kukatiana kamba usiku. Mtu anaposhtakiwa kwa wizi, anashtakiwa kwa kuzidisha uzito wa jiwe lake kwa maji. Hata matusi ya mitaani yanatokana na mizani. Kila nilipofunua ukurasa nilijua nitakuta tokeo jingine la kanuni ileile, na kila mara lilikuwa tokeo ambalo sikulitarajia lakini nililiona kuwa halina budi kuwa hivyo.

Sasa watu wake.

Shujaa ni kijana yatima kutoka bondeni. Ni jasiri, na hiyo ni sifa yake ya kwanza na ya mwisho. Akitukanwa anakunja ngumi. Akisifiwa anatazama chini. Yupo mwalimu mzee mwenye ndevu na mafumbo, ambaye tangu anaingia unajua atakufa kabla ya nusu ya kitabu, na kweli anakufa. Yupo binti wa mtawala, mzuri wa sura, mwepesi wa hasira, ambaye kazi yake kubwa ni kutekwa nyara. Yupo adui anayecheka akiwa peke yake chumbani. Wahusika hawa ungeweza kuwahamishia riwaya nyingine usiku na asubuhi wakaendelea kusema maneno yaleyale.

Tena kuna kasoro iliyo kubwa kuliko hizo zote. Yule kijana anaweza kuinua bila kitu kushuka. Kanuni ninayoipenda, yeye haimgusi. Hii ni desturi ya zamani katika fantasia, ya mteule aliyezaliwa na nguvu zisizo na gharama, na hapa imewekwa katikati ya hadithi ambayo uzuri wake wote ni gharama. Kila alipoingia yeye, dunia ililegea. Wainuaji wengine wanapopigana, mimi nahesabu pamoja nao: jiwe lipi limebaki, uzito gani, nani yuko chini. Kijana akipigana sina cha kuhesabu. Nasubiri ashinde tuendelee.

Nilimwazima dada yangu kitabu hicho. Yeye ni msomaji wa watu. Riwaya anayoipenda ni ile ambayo familia moja inakaa sebuleni kurasa mia na mwisho unajua ni nani hakusamehewa na kwa nini. Alinirudishia kabla hajafika nusu.

"Mdogo wangu, huyu kijana wako haoni njaa," aliniambia.

"Njaa ipo, dada. Watu wa bondeni wanashinda na njaa sura nzima."

"Watu wa bondeni, sawa. Yeye je? Ametembea kutoka chini mpaka juu ya jabali, kafika, kapigana. Miguu haikumuuma. Hakumkumbuka mtu. Hana hata kitu anachokipenda tu, basi, kitu kidogo kisichohusu kuiokoa nchi. Sasa nikitaka kumhofia, namhofia nani?"

Nikamwambia avumilie hadi sura za bohari. Hakuvumilia. "Mawe ni mawe," akasema, akaniwekea kitabu mapajani.

Swali lake nimelibeba tangu siku ile. Nikianza riwaya yoyote sasa, najiuliza mhusika mkuu anapenda nini kando ya kazi aliyopewa na hadithi. Likikosekana jibu baada ya sura chache, najua nitaishi humo kwa sababu nyingine au sitaishi kabisa. Lakini sikukubali, na bado sikubali, kwamba kukosa jibu kunakifanya kitabu kuwa kibaya. Dada na mimi tulikuwa tunatafuta chakula tofauti kwenye sinia moja.

Mabishano haya ni ya zamani mno. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake kuhusu sanaa ya ushairi, aliweka msuko wa matukio mbele na tabia za wahusika nyuma yake. Alisema tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wa huzuni, bila matendo haiwezekani, lakini bila tabia inawezekana. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikuja na lugha ambayo wahakiki wetu wanaitumia darasani hadi leo, ya wahusika bapa, waliojengwa juu ya sifa moja tu, na wahusika duara, wenye sura nyingi, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge na kuichapisha mwaka 1927. Wengi wanaomtaja Forster wanamtaja kama mtu aliyewahukumu wahusika bapa. Ukimsoma mwenyewe utakuta anawatetea. Mhusika bapa unamtambua mara tu anapoingia, anasema, na unamkumbuka baadaye bila shida. Anamtolea mfano Charles Dickens, ambaye watu wake karibu wote ni bapa, na bado vitabu vyake vinatuachia hisia ya kina cha utu. Kipimo chake cha mhusika duara nacho ni chepesi kukitumia: je, anaweza kukushangaza, na ukishashangaa ukamwamini?

Sisi wasomaji wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kulidharau jambo hili. Shaaban Robert alitupa *Kusadikika* mwaka 1951, nchi ya angani, ambamo mshtakiwa anaitwa Karama na anayemshtaki anaitwa Majivuno. Tabia zao zimo ndani ya majina yao, na hazibadiliki tangu mwanzo wa kesi hadi hukumu. Karama hapigani na nafsi yake, hasiti, hana udhaifu wa siri. Anasimama mbele ya baraza na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, kila mmoja akarudi na ujuzi wa kuifaa nchi na kila mmoja akaishia kifungoni. Hakuna anayekifunga kitabu hicho akilalamika kwamba hakumjua Karama vya kutosha. Tunachokijua ni Kusadikika: jinsi nchi inavyowaadhibu wale iliowatuma yenyewe. Ubapa wa Karama unaifanya kesi ionekane waziwazi, bila kivuli cha mtu kusimama mbele yake.

Kwa hiyo nilipojiuliza kwa nini ubapa wa Karama haunisumbui hata chembe na ubapa wa yule kijana wa mawe unanikera, nikapata kazi ya kufanya. Jibu nililolifikia ni kwamba Karama yuko chini ya sheria ya nchi yake kuliko mtu yeyote kitabuni. Anahukumiwa nayo. Anaweza kufa nayo. Hatuhitaji kujua kama anapenda maua, kwa kuwa Kusadikika yote imemkalia shingoni. Kijana wa mawe hakukaliwa na kitu.

C. S. Lewis, mwandishi wa vitabu vya Narnia vilivyotoka kati ya 1950 na 1956, alikuwa na hoja nyingine ninayoipenda. Kadiri mahali na matukio yanavyokuwa ya ajabu, alisema, ndivyo watu wanavyopaswa kuwa wa kawaida, kwa sababu kueleza jinsi vitu vya ajabu vilivyowapata watu wa ajabu ni kuzidisha ajabu. Mifano yake ni Gulliver, msafiri wa riwaya ya Jonathan Swift, na Alice, mtoto wa hadithi ya Lewis Carroll. Nilitaka sana kuitumia hoja hiyo kumtetea kijana wangu mbele ya dada. Ila haimfai. Gulliver ni mtu wa kawaida kweli, lakini ni tabibu wa merikebu, na hata akijikuta kati ya watu wadogo wasiofika hata shubiri anatupa vipimo vya kila kitu. Alice ni mtoto wa kawaida, lakini ana adabu za nyumbani anazojitahidi kuzishika, anachukizwa, na akijaribu kughani mashairi aliyofundishwa yanamtoka yamepinda. Ukawaida wao una vitu ndani. Kumbe mhusika wa kawaida na mhusika mtupu ni watu wawili.

Sura za bohari zilinifundisha hilo vizuri kuliko wahakiki.

Bohari ni ghala lililochongwa ndani ya jabali, mahali kamba zote zinapofungwa. Humo kuna mwanamke mmoja mzee, hapewi hata jina, anaitwa mpakaji mafuta tu. Kazi yake ni kuzipitia kamba moja moja na kuzipaka mafuta ya mnyama zisikauke. Mwandishi anatuonesha mikono yake. Anaibana kamba kwa vidole viwili, anafumba macho, anatembea nayo pole pole hadi mwisho, kwa sababu nyuzi zinazokaribia kukatika hupata joto kabla hazijaanza kuonekana. Akihisi joto, anafunga utepe mwekundu na kusonga mbele. Hasemi neno. Halafu, kwenye kona, tunaona jiwe dogo ambalo si la mji. Ni lake. Amelitundika yeye, na uzito wake ni uzito wa mwili wake mwenyewe, ili siku mafuriko yatakapofika bondeni anakoishi, mwinuaji yeyote mwenye huruma aweze kumnyanyua mpaka juu bila kumgharimu mtu. Mawe hutozwa ushuru kwa uzito. Basi kila mwezi anajipima kwenye mizani ya bohari, na kwa kuwa umri unamkondesha, anachukua patasi na kulichonga jiwe lake lipungue kidogo.

Kurasa mbili, zisizofika hata tatu. Simjui anapenda nini, dada angesema, lakini namjua. Namjua kwa vidole vyake na kwa patasi yake. Kamba zinapokatwa usiku wa vita, mwandishi anaorodhesha yaliyoanguka, na katikati ya orodha, bila kusimama, anataja jiwe moja dogo lililochongwa. Hakuna aliyenyanyuliwa. Sentensi inaendelea na mawe mengine. Uchungu ulinishika pale ambao kifo cha mwalimu mzee, chenye sura nzima na wosia mrefu, hakikunipa hata robo yake.

Mtu aliyemwandika yule mwanamke anajua kuandika watu. Hilo ndilo lililonibadilisha namna ya kuusoma udhaifu wa wahusika katika fantasia. Zamani nilidhani kuna waandishi wa dunia na waandishi wa watu, na kwamba mtu huzaliwa upande mmoja. Sasa naona kwamba mwandishi huyu huandika mtu hai kila anapomwacha ashinikizwe na kanuni ya dunia yake, na huandika kikaragosi kila anapomwondolea shinikizo hilo ili amfanye mkubwa. Binti wa mtawala ni mtupu kwa sababu hajawahi kuwa na uzito wa kulipa. Adui anacheka peke yake kwa sababu mwandishi hakutuambia mawe yake yametoka wapi na anamdai nani. Nimevirudia vitabu vingine vya aina hii kwenye rafu yangu nikiwa na wazo hilo, na mara nyingi limesimama: wapishi, wapiga makasia, makarani wa ushuru ni watu, na wateule ni vivuli. Mwandishi hamwogopi karani. Anamwacha afanye kazi yake. Mteule anamheshimu mno kiasi cha kutothubutu kumpa kazi.

Nisiseme hata hivyo kwamba kila udhaifu unavumilika kwa sababu dunia ni nzuri. Mhusika bapa namvumilia, na wakati mwingine namtaka. Mhusika mtupu namvumilia kwa shida, nikiwa na kitu kingine cha kushika. Ambaye simvumilii ni mhusika anayebadilika kufuata haja ya msuko: jana mwerevu, leo hajui kusoma ramani kwa sababu hadithi inataka apotee, jana mwoga, leo anaongoza jeshi na hatujaambiwa alichokipata njiani. Huyo anavunja kitu kilekile alichokisema Tolkien. Ikiwa mtu hana kanuni, kanuni ya dunia nayo haitanishawishi kwa muda mrefu. Na wanawake wanaoandikwa kama zawadi ya kukabidhiwa mshindi ni udhaifu wa namna nyingine, kwa kuwa hapo pengo lina jinsia moja kila mara, na msomaji wa kike anaalikwa kwenye dunia ambayo yeye peke yake hana la kufanya ndani yake. Katika kitabu changu binti wa mtawala ameandikwa hivyo, na kila alipotekwa nilisoma kwa hamaki.

Mahali utupu wa kijana ulipoigharimu riwaya zaidi ni mwishoni, na hapo ndipo ninapotamani mwandishi angekaa siku nyingi zaidi. Inafichuka kwamba kijana hakuwa nje ya kanuni hata siku moja. Kila alichokiinua, kitu kilikuwa kinashuka. Kilishuka mbali, ng'ambo ya bahari, ambako hakuna aliyejua. Vijiji vilikuwa vikididimia. Ardhi ya watu wasiomfahamu ilikuwa inalipa kila ushindi wake tangu utotoni. Nilipousoma ukurasa ule nilisisimka mwili. Kitu kilichonikera kitabu kizima kilikuwa kimepandwa makusudi, mizani ikarudi na deni lake lote, na sheria ikaonekana haikuwahi kuvunjwa. Kwa msuko na kwa ujenzi wa dunia, ni miongoni mwa hitimisho zuri kabisa nililolisoma katika fantasia.

Halafu kijana akakunja ngumi.

Ndivyo ilivyoandikwa. Ameambiwa kwamba ameua watu asiowahesabu, anakunja ngumi, anatazama upeo wa bahari, na aya inayofuata anaapa kwenda huko. Nusu ukurasa. Mwandishi aliyempa mwanamke wa kamba vidole na patasi hakupata kitu cha kumpa kijana huyu saa ya msiba wake. Na hakukipata kwa sababu hakukiweka mapema. Laiti kijana angekuwa na kitu kimoja kidogo, mchezo wa kuinua vijiwe alipokuwa mtoto kwa furaha tu, tungekirudia kitu hicho pale na kingetuua. Huzuni ya mwisho hujengwa katika sura za mwanzo, wakati msomaji hajui inajengwa.

Nilihuzunika hata hivyo. Nilimhuzunikia kijana vile ambavyo mwandishi hakunisaidia. Nilijiwazia nikigundua kwamba kila kilichonijia kirahisi kilikuwa kinatoka katika nyumba ya mtu mwingine, na wazo hilo likanikosesha usingizi. Nilipomsimulia dada, alisema, "Huzuni hiyo umeipeleka wewe, mdogo wangu. Haikuwemo." Nadhani ana haki nusu. Niliipeleka mimi, lakini mlango nilifunguliwa na kitabu; bila mawe, bila wavutaji, bila bonde, nisingejua pa kuipeleka. Wapo wasomaji wanaosema mhusika mtupu ni bora kwa sababu msomaji huingia ndani yake. Siwafuati mpaka huko. Kuingia ndani ya mtu mtupu kunakuacha na nafsi yako uliyokuja nayo, na mimi husoma pia ili nikutane na nafsi nisiyokuwa nayo. Yule mwanamke wa bohari hakuniachia nafasi ya kuingia. Alikuwa amejaa, ana kazi, nilisimama pembeni nikamtazama, na yeye ndiye ninayemkumbuka.

Namna yangu ya kusoma imebadilika katika mambo machache ya kawaida. Nikiona shujaa hana uhai, siendelei kumsubiri aupate. Namwacha aendeshe hadithi na macho yangu nayaelekeza kwa watu wanaopita nyuma yake wakiwa wamebeba kitu. Naitazama ramani tena na tena, hasa mahali ambapo hadithi haijafika, kwa sababu mwandishi wa dunia mara nyingi amefikiria huko pia. Mapigano ya mteule nayapitia haraka. Sura za kazi, za soko, za sheria, za namna watu wanavyosafiri na kulipana, hizo nasoma kwa kituo. Na nikimpendekezea mtu kitabu cha namna hii namwambia ukweli kabla hajaanza: utapata nchi, hutapata rafiki. Anayetaka rafiki atafute kwingine mapema, asije akamchukia mwandishi kwa kukosa alichokuwa hakitoi.

Juzuu ya pili ninayo, na niko katika sura za mwanzo. Kijana amefika ng'ambo. Watu wa huko hawamjui, na wamempa kazi ya kubeba udongo kujaza mashimo ambayo, bila wao kujua, ameyachimba yeye. Kabla ya kunyanyua chochote sasa anauliza uzito wake na anauliza chini kuna nani. Siku moja anasita mbele ya mkokoteni uliokwama, mvua inanyesha, watu wanamngoja, na hauinui. Anaingia matopeni na kuusukuma kwa bega kama wao, na jioni mabega yanamuuma. Nilizipeleka kurasa hizo kwa dada. Amezisoma, ameuliza maswali mawili matatu kuhusu mkokoteni, na amesema kitabu nikimaliza nimpe. Mapigano atayaruka.